Kichwa cha Tano

Wewe mama ambaye sebuleni kwako wamelala watu usiowazaa, na kesho atakuja mtu na karatasi kukuuliza wako wangapi, soma haya kabla hujamjibu. Mimi si mwandishi. Niliishia darasa la saba, na kalamu niliyoizoea ni ya kuandika majina ya watu kwenye orodha. Lakini jambo hili limenikaa kifuani kama mfupa wa samaki, na kila nikimwona mwanamke anahesabu wageni wake kwa vidole, natamani kumshika mkono.

Mimi nauza mkaa. Nauza kwa kopo, mlangoni kwangu, kwenye kichochoro chenye nyumba ishirini na tatu. Mapigano yalipochachamaa huko ng'ambo ya milima, watu wakaanza kushuka na magodoro kichwani. Hawakwenda wote kambini. Wengi walibisha hodi kwetu, na nyumba kumi na saba zikafungua. Ukaitishwa mkutano, ikaja ofisi ya misaada ikasema: sisi hatuwezi kumjua kila mtu, tuchagulieni mmoja wenu aandike nani kampokea nani. Watu wakanigeukia mimi. Si kwa akili. Jirani yangu muuza viatu ndiye aliyesimama akasema, "Tumpeni mama mkaa. Mwandiko wake unasomeka, na sauti yake hata maiti anageuka." Wakacheka, wakapiga makofi, nikapewa daftari, kalamu mbili na fulana iliyonifika magotini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila Jumatatu napita nyumba hadi nyumba kuuliza nani kaongezeka, nani kaondoka, nani anaumwa, godoro la nani limelowa. Jumanne napeleka ofisini kwa mratibu. Huyo mratibu ni dada mmoja mrefu, mpole wa sauti, miwani yake siku zote iko kwenye paji la uso, sijawahi kuiona machoni. Kishikwambi chake alikikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kichanga, basi watu wakambatiza Bi Kishikwambi. Mwenyewe alijua, akawa anaitikia.

Kulikuwa na fomu nyeupe za kuandikisha watu na fomu za njano za kurekebisha makosa. Labda jina limekosewa, mtu kahama, mtu kafariki. Fomu ya njano ina mistari mitatu tu: kilichoandikwa, kilicho sahihi, sababu. Kitita chake kilikaa kwenye mkoba wangu. Nakuomba uzikumbuke hizo fomu za njano. Mimi ndiye niliyezisahau nikiwa nimezibeba.

Kwangu aliingia mwanamke fundi wa nguo, na wanawe wawili, wa kiume wa miaka tisa na wa kike wa miaka sita, pamoja na mama mkwe wake. Alikuwa amebeba mgongoni kichwa cha cherehani, kimefungwa kwa shuka kama mtoto. Meza yake ilibaki kwao. Mumewe walipotezana naye njiani, kwenye kivuko, watu walipokuwa wanasukumana. Sikumjua, hakunijua. Nilimwita Fundi, yeye akaniita dada, ingawa kwa umri tulikuwa sawa. Siku ya tatu yule mama mkwe akaniuliza, "Mwanangu, liko wapi?"

"Nini, bibi?"

"Jembe. Si wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Nimekaa hapa nangoja jembe langu."

Tangu hapo nikawapenda, na mpaka leo nawapenda, ingawa hawana sababu ya kunirudishia.

Sisi tulikuwa watatu: mimi, mume wangu ambaye ni mwashi, na binti yetu mmoja wa miaka sita. Nilimpata baada ya miaka tisa ya kungoja na kusemwa. Tulimwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hajanyamaza. Ukimuuliza umekula nini, atakuambia alichokula, alichoacha, na paka alikula nini. Fundi alipofika, alichana shuka moja la maua akawashonea Chiriku na binti yake magauni mawili ya kufanana. Ukiwatazama kutoka mlangoni, mmoja wako na mmoja wa mwenzio, huwajui.

Sasa sikia shida ilikoanzia. Ilianzia chooni.

Choo chetu cha shimo alikichimba baba mkwe wangu kabla sijaolewa. Kilikuwa kinaelekea kujaa kwa watu watatu. Kwa watu saba kikawa kinajibu ukikiita. Mume wangu kila asubuhi alichungulia akarudi anatikisa kichwa kama daktari. Wiki hiyo hiyo Bi Kishikwambi akaita mkutano wa wenyeji, akatutangazia: nyumba yenye wageni watano na kuendelea itajengewa choo cha pili na kuwekewa tangi la maji. Wenye wageni wanne kushuka chini watapata ndoo, sabuni na mikeka. Akasema na la pili, na hili nililiandika kwa mkono wangu na nikaenda kulisoma kila mlango kwa sauti yangu ile ya kuamsha maiti: nyumba moja ikikamatwa na mgeni hewa, misaada ya kichochoro kizima itasimama mpaka uhakiki uishe.

Nilirudi nyumbani nimekunja uso. Fundi alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

"Wageni wangu ni wanne," nikamwambia. "Kwa kichwa kimoja tu, choo kinatupita hivi hivi."

"Tuandike na kichwa cha cherehani," akasema. "Nacho ni kichwa."

Bibi akadakia kutoka kwenye mkeka, "Cherehani haiendi chooni. Watakuja kuhesabu, watatukamata."

Tukacheka mpaka Fundi akajichoma kidole. Wale wasichana wawili nao wakacheka bila kujua tunachocheka, wamesimama mlangoni na magauni yao ya maua. Na mimi, nikiwa bado nacheka, nikawatazama.

Fomu nyeupe ilikuwa mkobani. Niliandika: mgeni wa tano, mtoto wa kike, miaka sita, pacha. Kuandika huko hakukufika muda wa kupima kopo moja la mkaa.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini nilimwambia. Alikuwa ananawa simenti miguuni, akaacha kunawa.

"Umemwandika mwanao mkimbizi, akiwa kwao?"

"Ni karatasi tu, baba Chiriku."

"Watu hawa wanapandishwa magari kwa karatasi, wanashushwa kwa karatasi. Wewe unasema karatasi tu?"

"Basi kachimbe choo kwa mkono wako."

Akarudi kunawa miguu. Mwamba wa pale kwetu alikuwa ameujaribu mara mbili, ukamvunjia sururu.

Wakaja kuwapiga picha. Chiriku akakaa mapajani kwa Fundi, pembeni ya pacha wake. Kila mmoja akafungwa mkononi kikuku cha plastiki chenye namba, kile kisichovulika mpaka kikatwe. Chiriku alikiona pambo, akakizungusha mchana kutwa. Mimi nikaanza kumfundisha. Asubuhi, kabla ya chai, kama jedwali la kuzidisha.

"Wakija wale wageni wa ofisini, mama yako nani?"

"Fundi."

"Na mimi nani?"

"Mama mwenye nyumba."

"Wakiondoka, mama yako nani?"

"Wewe!" anaruka shingoni.

Aliweza upesi. Aliweza kuliko nilivyotaka. Uhakiki wa kwanza ulipokuja, Bi Kishikwambi aliinama akamuuliza anakumbuka nini cha njiani. Hatukuwa tumefundishana hilo. Chiriku akasema, "Tulikimbia. Kulikuwa na watu wengi. Nikadondosha kiatu kimoja kwenye maji, nikalia, bibi akanibeba." Ilikuwa hadithi ya binti wa Fundi, waliyokuwa wakisimuliana wakilala. Bi Kishikwambi alijifuta jicho kwa nyuma ya mkono, akaandika. Alipoondoka nikampa Chiriku pipi, nikamwambia umesema vizuri sana.

Akaimung'unya kidogo. Halafu akaniuliza, "Mama, kiatu changu kile kingine kiko wapi?"

Mama mwenzangu, hapo ndipo iliponipasa kuamka. Mtoto alikuwa anauliza kweli.

Choo kikajengwa. Kizuri, cha sakafu laini na mlango wa bati, na tangi la maji juu ya tofali alizozijenga mume wangu mwenyewe bila kusema neno. Watu walikuja kukitazama kama maonyesho. Muuza viatu, ambaye kwake kulikuwa na wageni tisa, alikizunguka akasema, "Hiki si choo, ni nyumba. Mnipangishe." Nilicheka kwa meno tu. Kila nilipokaa humo ndani na mlango umefungwa niliona mlango ule umefungwa na mtu mwingine, kwa nje.

Baadaye likaja la shule. Watoto wote wenye vikuku wakapangwa zamu ya mchana. Mwalimu wa asubuhi akaniambia kwa upole, "Mama, huyu jina lake halipo tena kwangu, liko kwa wageni." Chiriku alifurahi, maana atakwenda na pacha wake. Mimi nilirudi nikakaa juu ya gunia la mkaa, nikatoa fomu ya njano. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimewajazia majirani kumi na moja. Mmoja alikuwa amemwandika mbuzi kwa kudhani wanahesabu wote wanaokula. Tulicheka, nikajaza, Bi Kishikwambi akagonga muhuri, yakaisha.

Mstari wa kwanza, kilichoandikwa: mtoto wa Fundi. Mstari wa pili, kilicho sahihi: mtoto wangu. Mstari wa tatu, sababu.

Hapo kalamu ikagoma. Niandike nini? Yule wa mbuzi alikosea. Mimi niliongopa, na mimi ndiye mwenye daftari. Nikaziona nyumba kumi na saba zimesimama foleni mbele yangu, ndoo tupu mkononi, kila mmoja ananiuliza, mama mkaa, umetufanya nini? Muuza viatu akatokea kweli wakati ule ule, kuulizia mablanketi. "Bila wewe tungekuwa tumekwisha," akasema. "Wewe ndiye roho ya kichochoro hiki." Alipoondoka niliikunja ile fomu, nikawashia jiko.

Ukitaka kujua mtego ulivyo, ndio huo. Sikufungiwa na mtu. Nilikuwa natoka, naingia, nauza mkaa, nasalimia, na kila aliyenisifu aliongeza tofali moja. Nikaanza kuogopa Jumanne. Bi Kishikwambi akifungua mdomo, mimi najifanya nasoma daftari. Mume wangu aliniambia mara moja, "Nenda kaseme." Nikamjibu, "Nikasemee kichochoro kizima?" Hakurudia.

Mwezi wa kumi na nne tangu Fundi aingie kwangu, mumewe akapatikana.

Alikuwa hai, kwenye makazi mengine ya wageni, safari ya siku moja na nusu kwa basi. Bi Kishikwambi alileta habari mwenyewe. Fundi alipiga kelele moja, akakaa chini, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, huku bibi anampiga mgongoni anasema, "Nilikwambia! Mwanangu mimi hafi hafi ovyo!" Basi litaondoka Jumamosi, nafasi tano zimeshawekwa. Mimi nilikuwa nimemkumbatia Fundi nalia naye. Nikasikia lile neno, nafasi tano, machozi yakakatika kama bomba lililofungwa.

Bi Kishikwambi akaendelea, hajui kitu: "Na tafadhalini, wote wawepo. Safari iliyopita watu waliacha watoto nyuma, mpaka leo tunawatafuta. Siku hizi akikosekana mmoja, familia haipandi."

Alipotoka, tulibaki mimi na Fundi. Wasichana walikuwa nje wanarukaruka kamba.

"Tumekwisha, Fundi," nikasema. "Tutasema nini?"

"Tusiseme," akasema Fundi.

"Una maana gani?"

Akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa ya baridi. "Dada yangu, nipe Chiriku siku tatu. Nikishafika, nikishamwona mume wangu kwa macho, nitasema ukweli. Watamrudisha kwa gari lao. Namchukua kama jicho langu."

"Siku tatu! Mtoto wa miaka saba, apelekwe kusikojulikana, na karatasi inayosema mimi si mama yake? Nani atamrudisha? Atarudishwa kwa nani?"

"Kwako."

"Karatasi inasema mimi ni nani, Fundi? Mama mwenye nyumba."

Akaniachia mikono. "Basi ngoja niende na wanne."

"Umesikia. Hampandi."

"Basi tungoje safari nyingine." Akanikazia macho, na macho yake hayakuwa tena ya mgeni. "Safari nyingine lini, dada? Wewe ndiye mwenye daftari. Niambie lini."

Bibi, kwenye mkeka wake, akasema polepole, "Mchuma janga hula na wa kwao. Sisi wa kwenu sasa, mwanangu. Tunakula wote."

Zilikuwa siku nne. Kila siku niliondoka nyumbani kwenda kusema, na kila siku nilirudi na habari nyingine. Jumatano nilifika mpaka kwenye ngazi za ofisi. Bi Kishikwambi akatoka, akanishika bega. "Mama mkaa, una shida?" Nikamwambia godoro la nyumba ya kumi na mbili limelowa. Alhamisi nilikuta foleni. Ijumaa nilikaa nje ya ofisi kwenye benchi tangu asubuhi hadi wanafunga, nikiwa na fomu ya njano imejazwa mistari miwili, na wa tatu mtupu. Nilijiambia: akiniita nitaingia. Hakuniita. Kwa nini aniite? Hakujua kama nipo.

Jumamosi asubuhi nilimsuka Chiriku. Nilimvika gauni la maua. Nilimfungia kifurushi, sijui kwa nini, mikono ilikuwa inafanya yenyewe. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Unampeleka au humpeleki?" akauliza. Nikamwambia, "Sijui." Akasema, "Basi twende wote, maana mtu asiyejua hafai kumshika mtoto mkono." Akambeba yeye.

Uani mwa ofisi basi lilikuwa limeshawashwa. Watu kama sitini, mabunda, ndoo, magodoro yamekunjwa. Muuza viatu alikuja kuwaaga wageni wangu, na nusu ya kichochoro ilikuwepo, maana kila nyumba ilikuwa inamsindikiza mtu. Fundi alisimama mbele yangu kwenye foleni, cherehani mgongoni imefungwa kama siku aliyokuja. Hakunitazama. Ilipofika zamu yake, Bi Kishikwambi aliyekaa mezani akaanza kuwasoma mmoja mmoja, akilinganisha namba za vikuku. Bibi. Fundi. Mtoto wa kiume. Pacha wa kwanza.

"Na wewe, mdogo wangu," akasema akitabasamu, "mama yako yuko wapi?"

Lilikuwa swali la kila mtoto. Alikuwa amewauliza wote.

Chiriku alishuka mikononi mwa baba yake. Akamtazama Fundi. Halafu akageuka, akanitafuta mimi katikati ya watu, akaniuliza kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona:

"Mama, leo niseme yupi?"

Bi Kishikwambi alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaivaa machoni kwa mara ya kwanza mbele yangu, akamtazama mtoto, akamtazama pacha wake, akanitazama mimi. Fundi alikuwa amefumba macho.

"Ni wangu," nikasema. "Huyo ni wangu. Nilimzaa mimi. Nilimwandika kwa ajili ya choo."

Mtu nyuma akacheka, kicheko cha kushtuka, kikakatika.

Bi Kishikwambi hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuniletea njano?"

Nikaitoa mkobani, ile ya mistari miwili. Akaisoma. "Hii ungenipa hata jana saa kumi," akasema, "ningemfuta mmoja, wanne wakapanda."

"Ulisema kichochoro kizima kitasimama."

"Nilisema akikamatwa, mama. Aliyekuja mwenyewe hakukamatwa." Akakiangalia kishikwambi chake kama kitu kilichomvunjikia mkononi. "Sasa nimeuliza mbele ya watu sitini. Sasa nimekukamata. Siwezi kuandika vingine."

Akaomba mkasi wa kukata kikuku. Mezani hapakuwa na mkasi. Fundi akafungua kifurushi chake, akatoa mkasi wake wa nguo, ule mkubwa, akapiga goti mbele ya Chiriku. Aliingiza kidole chake mwenyewe kati ya plastiki na ngozi ili asimkate. Kikaanguka. Akamsukuma mtoto taratibu kuelekea kwangu.

"Mtoto wako huyo," akasema. "Mchukue."

Basi liliondoka. Bibi alilitazama mpaka kwenye kona, akasema, "Haya. Jembe langu nimepewa sasa." Hakuna aliyecheka, na yeye hakutaka tucheke.

Huu ni mwezi wa saba tangu basi liondoke. Uhakiki haujaisha. Nyumba kumi na saba hazijapata sabuni, ndoo wala mablanketi tangu siku ile, na kila anayenipita mlangoni anasalimia kwa kufuata adabu tu. Mkaa wananunua kichochoro cha pili, wanapita nao mbele yangu. Muuza viatu alikuja mara moja tu. "Sikuchukii," akasema, "ila wageni wangu tisa wanalala chini, na mimi ndiye niliyekupigia kura." Daftari lilichukuliwa. Fundi na watu wake faili yao iko chini ya uchunguzi, na mtu aliye chini ya uchunguzi hasafirishwi. Mumewe alijaribu kuja yeye, naye akaambiwa akitoka huko anafutwa kwenye orodha ya huko. Basi yuko kule, wao wako huku. Fundi anashona pale sebuleni kwangu, ananisalimia, anaosha vyombo vyake. Neno dada ameliacha. Hana pa kwenda, na mimi siwezi kumwambia aondoke wala siwezi kumwomba abaki. Tunapishana kwenye mlango wa choo kile kizuri.

Choo chenyewe hakina tatizo. Hata nusu hakijafika.

Nakuandikia si ili uwafungie watu mlango. Wafungulie. Ila akija mwenye karatasi, mtoto wako asiguswe na kalamu. Na kama kalamu imeshamgusa, usikae kwenye benchi kungoja kuitwa. Ingia na mstari wa tatu mtupu hivyo hivyo, umwambie kwa mdomo.

Chiriku hajabadilika mwili, anakula, anakua. Ila yule mtoto aliyekuwa anaelezea mpaka paka kala nini, siku hizi ukimuuliza jambo hajibu papo hapo. Jana nilimuuliza kama amenawa mikono. Akanitazama usoni kwanza, muda mrefu, kama mtu anayesoma tangazo lililobandikwa mlangoni.

"Unataka niseme nimenawa?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Nataka useme ulichofanya."

Akaendelea kunitazama, anangoja nimwambie ni kipi.